Jibu: Azolla pinnata au filiculoides? Usitume hela kwanza!

Usitume hiyo hela, mkuu. Unauliza kwa chakula cha kuku na sato huko Kilosa uchukue aina ipi ya azolla, ule mmea mdogo unaoelea majini: pinnata au filiculoides, halafu picha ya "mbegu" uliyotumiwa na muuzaji si azolla kabisa. Hiyo ni salvinia, gugu linaloelea majini. Ukoo wao mmoja, na ndiyo iliyoniliza mimi.

Niliuziwa na bwana mmoja wa mtandaoni, kwenye video kavaa gambuti safi zisizo na tone la tope. Hapo tu ningeshtuka. Akaniambia ni "azolla ya majani mapana, inazaliana zaidi". Kuzaliana ilizaliana, hapo hakudanganya. Kuku wakadonoa mara moja wakaniachia mwenyewe. Nikaipeleka kwenye bwawa la sato, ndiyo nikajimaliza. Ikajipanga tabaka juu ya tabaka mpaka maji hayaonekani. Mwanga haupiti, hewa haiingii. Alfajiri moja nakuta samaki wanahema juu juu, muda si mrefu wanaelea. Nikazoa kwa toroli, wapi! Kikibaki kipande kimoja kinaanza upya, maana hilo gugu halina haja ya mbegu, linakatika na kuendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilifunika takriban kilomita za mraba 1,000 za Ziwa Kariba, kule mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, sembuse kibwawa changu cha turubai? Nampigia yule bwana, ananijibu eti sikuweka samadi ya kutosha. Samadi!

Sasa nisikilize: hulipi mpaka umeshika mche mkononi. Si picha, si video. Mkononi! Azolla ina vijani vidogo mno, vimelaliana kama magamba ya samaki, na mizizi inaning'inia chini. Jua kali au baridi huifanya iwe nyekundu. Salvinia jani lake linafika ukubwa wa ukucha na kuzidi, na juu limejaa vinyweleo vilivyosimama, ncha zimeungana. Ukiviona tu, mwachie ndoo yake. Na usimwage mtaroni, anika juani mbali na maji.

Azolla ndani ya majani inaishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana inasifiwa kwa protini. Huyo ndugu yake hana.

Aa, swali lako: pinnata inavumilia joto kuliko filiculoides, Kilosa chukua hiyo. Ya vipimo vya kulisha kuku nitarudi. Advansi hujatuma, sivyo?