Hesabu siku za jike kabla hujalalamikia bei ya pumba

Kila pumba zinapopanda bei huku kwetu Mbozi, wafugaji wenzangu wa nguruwe hunipigia simu kuuliza chakula cha bei nafuu. Nami huwauliza: jike wako aliachisha watoto lini, na alipandishwa lini? Wengi hawakumbuki, na hela inapotelea hapo. Jike asiye na mimba wala watoto anakula kilo mbili au zaidi kila siku bila kukuletea chochote.

Mimba ya nguruwe ni siku 114, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3. Ukishaachisha watoto, jike mwenye afya hurudi kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, ndani ya wiki moja hivi. Likikupita, unasubiri siku 21 nyingine huku unalisha. Ndiyo maana daftari langu linaning'inia mlangoni mwa banda, kila jike na ukurasa wake.

Usitegemee uvimbe wa uke peke yake. Mahindi yenye ukungu yana sumu inayoweza kuwavimbisha hata mitamba (majike ambao hawajazaa) wasio kwenye joto, na wengi wetu mahindi yaliyoharibika huwa tunayatupia nguruwe. Tafadhali tuache. Mwendee jike asubuhi, mkandamize kiunoni kwa viganja viwili. Akisimama tuli na kusimamisha masikio, mpandishe, kisha rudia baada ya saa 12 hadi 24. Akikimbia, mjaribu tena jioni.

Dume wa kuazima anayezunguka kijiji kizima simshauri mtu. Mwisho wake huwapanda binti zake mwenyewe, na watoto wanakuwa wachache na dhaifu. Tena anaweza kubeba homa ya nguruwe kutoka banda hadi banda, na ugonjwa huo hauna tiba. Ni heri majirani mkabadilishana madume wakiwa wadogo, na kila mgeni akae peke yake mwezi mzima.

Sasa chakula. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10, wakati nguruwe anayekua anahitaji 16 hadi 18. Ukimlisha pumba tupu anashiba, lakini anachelewa miezi kufikia uzito wa kuuzwa, na miezi yote hiyo anakula. Katika kilo 100 mimi nachanganya pumba 65, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa) 18, soya 10, dagaa 5, chokaa ya mifugo kilo moja na nusu na chumvi nusu kilo. Soya ikaangwe, maana ikiwa mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Dagaa wa mifugo mara nyingi huwa na mchanga: tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, uone kinachobaki chini kabla hujalipia gunia.

Anayenyonyesha ndiye tunayembania sana, na ndiye hastahili. Mpe kilo 2 zake na nusu kilo kwa kila mtoto. Mwenye watoto 10 anafika kilo 7, kwa hiyo mgawie mara tatu kwa siku, na maji yasikauke. Akikonda wakati wa kunyonyesha, joto linachelewa, na wewe unarudi kulisha jike mtupu.

Mabaki ya hotelini yachemshe nusu saa hata kama yananukia vizuri, kwa sababu kipande kimoja cha kitimoto chenye virusi vya homa ya nguruwe kinatosha kumaliza banda lote. Matembele wape kila siku kama nyongeza. Samadi ilundike ioze, kisha uipeleke kwenye mahindi na soya za msimu ujao.