Je, ni unafiki kumsifu Mungu huku moyo umejaa huzuni?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya kwanza. Tangu mume wangu afariki, kipindi cha sifa kikianza machozi hunitoka na sauti haitoki. Kiongozi wa sifa hutuambia kwamba asiyeinua mikono amefungwa na shetani. Nikijilazimisha kuimba najiona mnafiki. Nikinyamaza naonekana nimerudi nyuma. Je, nijitoe kwaya kwanza? Na kwa kuwa nashinda sokoni kutwa nzima, nimsifuje Mungu huko?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu katika Kristo. Pole sana kwa kufiwa, na Mungu wa faraja yote akushike. Naanza na neno la unafiki, kwa kuwa naona ndilo linalokuumiza zaidi. Anayemwimbia Mungu huku analia si mnafiki. Unafiki wa ibada unaokemewa na Maandiko ni ule wa Amosi 5, ambako Bwana anasema, "Niondolee kelele ya nyimbo zako," akiwaambia watu walioadhimisha sikukuu zao kwa vinanda huku wakiwakanyaga maskini na kupokea rushwa. Dhuluma ndiyo iliyoharibu nyimbo zao. Huzuni haikutajwa kabisa.

Nakuomba ufungue Zaburi ya 42, maana ni zaburi ya mwimbaji mwenzako. Kichwa chake kinawataja wana wa Kora, ukoo ambao katika 2 Nyakati 20 tunawaona wamesimama kumsifu Bwana kwa sauti kuu mno. Huyu anasema machozi yamekuwa chakula chake mchana na usiku, na kinachozidi kumchoma ni kumbukumbu za siku alipokuwa akiongoza mkutano kwenda nyumbani kwa Mungu kwa sauti ya furaha na kusifu. Sasa hawezi. Ndipo anapoiambia nafsi yake, "Umtumaini Mungu, kwa maana nitakuja kumsifu." Hadai kwamba furaha imerudi, wala hajifanyi mzima, anashikilia kwamba siku ya kusifu itakuja kwa sababu Mungu ni yule yule, na maneno hayo anayarudia mara tatu hadi mwisho wa Zaburi ya 43, pasipo kutuambia kwamba huzuni ilikwisha. Tumaini la namna hiyo ni sifa tayari, hata likisemwa kwa kunong'ona. Tena ipo Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila hata mstari mmoja wa shangwe, nayo imehifadhiwa katika kitabu kile kile kinachofungwa na Zaburi ya 150.

Kuhusu kiongozi wenu, naamini nia yake ni kuamsha ibada, lakini katika hili amekosea, na ni vema wazee wa kanisa wamweleze kwa upole. Ezra 3 inasimulia siku uliposimikwa msingi wa hekalu baada ya watu kurudi kutoka Babeli: makuhani walipiga baragumu, Walawi matoazi, watu wengi wakashangilia, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, hata ikawa vigumu kupambanua kelele za furaha na za kilio. Hakuna aliyewaambia wazee wale kwamba wamefungwa na shetani. Vilio vyao vilipanda kwa Mungu pamoja na shangwe za wengine.

Hata hivyo sitaki uhitimishe kwamba usubiri mpaka moyo utulie ndipo uanze kumsifu Mungu. Anastahili sifa kwa jinsi alivyo, na kwa hiyo Waebrania 13:15 inazungumzia "dhabihu ya sifa", na dhabihu humgharimu anayeitoa. Paulo na Sila kule Filipi walikuwa wamechapwa bakora na miguu yao imefungwa kwenye mkatale. Ukisoma Matendo 16 kwa makini utaona kwamba waliomba na kuimba usiku wa manane, ilhali mapigo yao yalikuja kuoshwa baadaye usiku ule ule, mlinzi wa gereza alipoamini. Waliimba na vidonda vibichi.

Kwa habari ya sokoni, mstari unaofuata hapo kwa Waebrania unataja kutenda mema na kushirikiana kuwa sadaka zimpendezazo Mungu. Basi unapopima nyanya kwa kopo lisilobonyezwa kitako, au unapomwongezea fungu la mchicha mama asiye na kitu, unamsifu Mungu papo hapo gengeni. Asubuhi kabla ya kupanga bidhaa, taja kwa sauti rehema moja uliyoiona, na usiku taja uaminifu wake, kama Zaburi ya 92 inavyofundisha. Hata miaka aliyokupa pamoja na marehemu ni neno la kushukuru, nawe ukilia unapolitaja, lia.

Kwaya usijitoe. Mweleze mwalimu wa kwaya hali yako, umwombe usimame safu ya nyuma na usipangiwe kuimba peke yako kwa sasa. Ukiweza ubeti mmoja, imba huo. Ukishindwa, simama hapo hapo na wenzako waimbe kwa niaba yako, kama nawe ulivyoimba kwa niaba yao walipokuwa na misiba.