Farasi mnene msimfungie njaa

SWALI: Shikamoo daktari. Ninatunza farasi dume aliyehasiwa, miaka 12, huku Kaole, Bagamoyo. Kazi yake ni kubeba wageni ufukweni, lakini tangu masika wageni wamepungua naye amenenepa hadi shingo imetuna. Anakula visado viwili vya pumba za mahindi asubuhi, viwili jioni, machicha ya nazi ya jikoni, na majani. Bosi anataka tumfungie wiki nzima, apewe maji na nyasi kiganja tu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Mwambie bosi hapana. Farasi mnene akinyimwa chakula ghafla, mwili huyeyusha mafuta kwa kasi, damu ikajaa mafuta na ini likashindwa kazi. Anaweza kufa angali mnene. Isitoshe, tumbo lake limeumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo kutwa. Likikaa tupu, asidi hulichoma.

Mbaya wenu ni kile kisado. Pumba zina wanga na mafuta, na machicha, hata mpishi ayakamue tui mara tatu, bado yana mafuta. Tena pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, kwa hiyo farasi anaweza kunenepa huku mifupa yake inadhoofika. Machicha acheni leo. Pumba punguzeni kidogo kidogo, ziishe ndani ya siku kumi.

Sasa mpimeni. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kifuani nyuma ya viwiko, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Mzunguko wa 185 na urefu wa 160 ni kama kilo 460. Farasi huyo apate nyasi kavu kilo 7 na nusu hadi 8 kwa siku, kwa mizani si kwa macho, zigawanywe mara nne, fungu kubwa likiwa la usiku. Msishuke chini ya hapo bila daktari wa mifugo kumwona.

Hei (nyasi kavu) ya aina ya Rhodes ndiyo ningechagua. Ulizeni shamba la Vikuge, Kibaha, si mbali nanyi. Majani ya tembo na ya gini yana oksaleti inayofunga kalsiamu, yasiwe chakula chake cha kila siku. Na mlusina, ule mti wa malisho ya mbuzi, asionjeshwe: humnyonyoa singa na mkia.

Ili asimalize fungu kwa nusu saa, sukeni wavu wa kamba nene ya katani, matundu ya sentimita tatu au nne, mtundike juu asije akanasa kwato. Nyavu za nailoni za wavuvi hapana, zitamkata midomo.

Nyasi peke yake hazimtoshi. Ongezeni gramu 300 za mashudu ya soya kwa siku, madini ya farasi yenye kalsiamu ya kutosha, na chumvi vijiko viwili vya mezani. Vyakula vya kuku na vya ng'ombe vya kiwandani msimguse navyo kabisa. Baadhi huwekwa monensini, dawa inayoua moyo wa farasi.

Mpimeni upya kila baada ya wiki mbili, saa ileile. Akipungua kilo mbili hadi nne na nusu kwa wiki, mpo sawa.

Mazoezi ni mazuri: maji yakishakupwa, mtembezeni kwenye mchanga mgumu nusu saa, mkiongeza taratibu. Ila kila asubuhi, kabla hajatoka, shika kwato za mbele. Zikiwa na joto kuliko kawaida, au akisimama akiegemea nyuma kama anayekwepa kukanyaga, asitembezwe hata hatua moja. Hayo huenda ni maradhi ya kwato yanayowapata farasi wanene. Mpigieni daktari siku hiyohiyo.