Mkuu, usifunge dari la besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, kwa jipsamu kabla hujasoma hapa

Mleta mada, zuia hiyo kazi ya dari ya Jumamosi. Mpigie fundi wako sasa hivi, mwambie una msiba, una mgeni, una chochote kile, ila hizo karatasi za jipsamu zisishuke kwenye gari.

Najua umeuliza mengi: vigae vya dari la kuning'inia viwe vya futi 2 kwa 2 au 2 kwa 4, gridi (ile fremu inayobeba vigae) nyeupe au nyeusi, taa zipi, urefu kiasi gani utapotea, unyevu utafanyaje. Nitayagusa nikikumbuka. Kilichoninyima usingizi (nimetoka zamu ya usiku, saa hizi nilitakiwa niwe nakoroma) ni ule mstari wako wa mwisho, kwamba fundi kakushauri uachane na vigae, "ni mambo ya ofisini", upige jipsamu moja kwa moja kwenye boriti uokoe inchi nne.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Nipo Minnesota, nyumba yangu ni ya 1962. Besimenti ilikuwa stoo ya masanduku na mashine ya kufulia, nikataka kupata chumba cha mgeni na sehemu ya watoto kuchezea. Nikampata fundi mmoja, mtu wa nyumbani kabisa, tunasali pamoja. Nikamwonyesha vigae nilivyovipenda. Akacheka. "Baba Zuhura, unataka wageni wakiingia waulize daktari anafika saa ngapi?" Mke wangu akacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kile kilinigharimu dola 7,400, nimezijumlisha mwenyewe kwenye daftari.

Kibali cha manispaa? "Cha nini, dari tu hilo."

Siku nne kazi imekwisha. Na nisiwe mnafiki, lilipendeza, limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Picha niliirusha kwenye grupu la familia, watu wakatuma makopakopa.

Sasa juu ya dari lile, katikati ya boriti mbili, kulikuwa na koki ndogo ya shaba yenye mpini mwekundu uliochubuka. Hiyo ndiyo inayofunga maji yanayokwenda kwenye bomba la nje, lile la kumwagilia bustani. Nyumba nyingi za zamani za huku zina bomba la nje la kawaida, lisilojikinga na barafu, kwa hiyo kila mwaka kabla ya baridi unafunga koki ya ndani, kisha unafungua bomba la nje ili maji yaliyobaki yatoke. Usipofanya hivyo yanaganda humo humo, barafu inatanuka na bomba linapasuka. Wenyeji wanalijua hili kama sisi tunavyojua kuanua nguo mvua ikitanda. Na mimi nilikuwa nalijua! Nilishalifanya miaka miwili mfululizo. Mwaka wa dari jipya, mwezi wa kumi, nikapanda kwenye stuli kama kawaida yangu, nikanyoosha mkono, nikagusa rangi nyeupe.

Nikampigia fundi. "Aah, baridi za siku hizi si za kupasua bomba." Mtu anaishi Minnesota, anavaa makoti mawili kwenda kuchukua barua, anakwambia hivyo. Na mimi mwenye akili zangu timamu nikakubali, kwa sababu sikutaka kutoboa dari langu zuri. Hapo simlaumu yeye peke yake.

Bomba lilipasuka wakati wa baridi kali, lakini barafu yenyewe ndiyo ikawa kizibo, hatukujua kitu. Mwezi wa tatu joto likarudi. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, kalala kile chumba cha chini. Saa kumi alfajiri nasikia ananiita kutoka kwenye ngazi, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana msumbufu: "Mwanangu, huku kunanyesha."

Nilishuka nikakuta dari limeota kitambi. Rangi haijapasuka, imekinga maji kama puto, linacheza, na pembeni tone moja moja linaangukia kanga aliyoitandika kitandani. Nikaleta ndoo, nikachukua bisibisi, nikatoboa katikati nikidhani nitayakinga taratibu. Kilishuka kipande kizima cha jipsamu, upana wa mlango, pamoja na maji na ile pamba ya kuzuia baridi, vyote juu yangu. Mama mkwe akasema "Yarabi" akageukia ukutani, maana nilishuka na msuli tu, na msuli nao ulikuwa umeshaenda na maji. Hilo tuliache.

Nikafunga maji ya nyumba nzima pale kwenye mita. Fundi bomba alipofika, swali lake la kwanza: koki ya bomba la nje iko wapi? Nikamwonyesha dari. Akauliza sehemu gani ya dari. Nikamwonyesha dari tena. Picha hata moja sikupiga kabla ya kufunika. Tundu la kwanza tukakuta boriti. La pili tukakuta kisanduku cha maungio ya nyaya za umeme, kimefunikwa kabisa, na sheria za umeme za Marekani zinataka visanduku hivyo vifikike bila kubomoa. La tatu ndiyo koki. Kufika hapo lile dari lilikuwa kama chandarua cha hosteli.

Fundi bomba, fundi umeme, zulia, kung'oa jipsamu yote na kuitupa, godoro. Bima walikuja, wakauliza kwa nini bomba la nje halikufungwa kabla ya baridi. Jibu ninalo, ila ni jibu linalowasaidia wao. Na yule fundi wangu nilipompigia akasema yeye kazi yake dari, habari za maji haziko kwenye makubaliano. Bado tunasali pamoja. Mkono nampa, ncha za vidole tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nitaisema hata kama haujaniuliza: KITU CHOCHOTE AMBACHO MKONO WAKO UTAKITAKA SIKU MOJA, USIKIFUNGIE JUU YA JIPSAMU. Leo usiku chukua tochi, tembea chini ya boriti zako mwanzo hadi mwisho, piga picha kila koki, kila kisanduku cha nyaya, kila mdomo wa kuzibulia bomba la maji taka. Kwangu nilihesabu vitu 14. Ukipata viwili tu, sawa, jadiliana na jipsamu na vimlango vyake vya ukaguzi. Ukipata kumi, utajaza vimlango mpaka dari lifanane na kabati la posta.

Mimi sasa nina vigae. Mwaka jana mashine ya kuoshea vyombo jikoni ilivuja, doa la rangi ya chai likatokea kwenye kigae kimoja. Nikakisukuma juu, nikaona tone, nikakaza nati, nikaweka kigae kingine. Chai yangu haikupoa.

Haya, maswali yako. Urefu: unahitaji kama inchi 3 hadi 4 chini ya boriti, la sivyo kigae hakipati nafasi ya kuinama kikaingia kwenye gridi. Pima kuanzia kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote, usipime kwenye boriti. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi huku zinataka chumba cha kuishi kiwe na futi 7, mabomba ya hewa na mihimili ya besimenti inaruhusiwa kushuka mpaka futi 6 na inchi 4, ila uliza manispaa yako. Bomba kubwa la hewa lizungushie boksi lake peke yake, usishushe dari zima kwa ajili yake.

Chukua 2 kwa 2. Vigae virefu vya nyuzi za madini vikila unyevu vinalegea tumbo haraka zaidi, nami matumbo ya dari nimeshayaona ya kutosha. Bafuni weka vya plastiki. Mashine ya kukausha hewa nunua kabla ya vigae, na ongeza boksi moja la akiba, maana muundo unaoupenda leo kesho dukani haupo.

Kelele za watoto wanaokimbia juu, vigae peke yake havitazimaliza. Taa sikumbuki nilinunua zipi. Rangi ya gridi kamuulize mama watoto.

Weka hapa picha za boriti zako kabla ya Ijumaa, nikiamka nitakuonyesha koki ziko wapi.