Panya wa BXD: jibu kutoka kwa mtu aliyewalisha, na aliyewahi kurudia mbegu ya mahindi Uyole

Mugonile wakuu.

Mleta uzi anauliza: mdogo wake anayesoma baiolojia kaambiwa kuhusu panya wa BXD waliooanishwa kaka kwa dada vizazi 20. Kwa nini wasikamate tu panya wa ghalani wakawapima? Niliwahudumia panya hao miezi minane kwenye maabara moja nje ya nchi, ila naanzia shambani.

Mwaka mmoja bei ya mbegu ilinishinda. Nikapanda tena mahindi yangu mwenyewe, mavuno ya mbegu chotara ya dukani. Waliolima Uyole wanajua kilichonipata: mche huu mrefu, ule mfupi, huku gunzi la kujivunia, kule kibua. Chotara ana jeni za wazazi wawili tofauti, na kwenye kizazi kinachofuata karata zinachanganywa upya, kila mche na zake.

Panya nao ni hivyo hivyo. Unachukua nasaba mbili zilizotulia, yaani ndani ya kila moja panya wote wana jeni zilezile: C57BL/6J weusi na DBA/2J wa kahawia iliyopauka (ndiyo B na D za jina hilo). Watoto wao wanafanana. Wajukuu ndio wanatawanyika kama mahindi yangu, na tatizo liko hapo: ukimpima mjukuu, akifa kaondoka na karata zake, humpati mwingine kama yeye. Kwa hiyo kila jozi ya wajukuu inaanzishiwa ukoo wake, kaka kwa dada, mpaka vizazi 20. Hapo jeni zaidi ya asilimia 98 zina nakala mbili zinazofanana, na ukoo mzima ni kama mapacha: umekuwa nasaba moja ya BXD. Maharage yanajichavusha, yangefika huko kwa vizazi sita au saba. Panya wanakula miaka. Benjamin Taylor ndiye aliyezianzisha BXD, Jackson Laboratory, Marekani, miaka ya 1970.

Utamu wake ni kwamba DNA ya kila nasaba inasomwa mara moja tu. Huyu anapima macho, yule anapima unywaji wa pombe (weusi wanaipenda, DBA wanaikwepa, weusi ungewaleta Iringa msimu wa ulanzi wasingerudi), na vipimo vyao vinalinganishwa hata kama vimepishana miaka 30. Unazigawa nasaba: zenye kipande cha B mahali fulani kwenye kromosomu huku, zenye cha D kule. Wastani ukiachana sana, umepata mtaa wa kutafuta. Mtaa, siyo nyumba, maana kipande hicho kinaweza kubeba jeni mamia. Mtu akikwambia kwa nasaba ishirini na kitu tu "tumeipata jeni", muulize ameipata vipi.

Kazi yenyewe ni kadi, zile za kwenye vizimba zinazosema panya ni wa nasaba gani. Mimi niliosha vizimba sita kwa pamoja, wino wa kadi ukatoka. Nikajipa moyo kwamba rangi zitaniokoa. Wapi! B na D wakichanganyika hutoa rangi nne tu: nyeusi, kijivu, kahawia, na kahawia iliyopauka. Vizimba vinne vilikuwa na weusi watupu. Ikabidi wakatwe vipande vidogo vya masikio, DNA ipimwe, na jaribio lisimame wiki tatu. Msimamizi hakufoka. Kesho yake nilikuta mezani kwangu penseli, na kifutio kimekatwa.