Daftari la kupatwa kwa jua: kwa ninyi mnaoanza

Vijana mnaojiunga nasi kutazama anga hapa Dar es Salaam huwa na swali moja la kwanza: litapatwa tena lini? Ukijibiwa tarehe peke yake hutajifunza kitu. Nunua daftari, na ukurasa wa kwanza uandike hizi: 15 Januari 2010, 3 Novemba 2013, 1 Septemba 2016, 21 Juni 2020. Mara zote nne jua lilimegwa sehemu tu hapa Dar. Mwaka 2016 walioitaka pete kamili, yaani ukingo wa jua ukiwaka pande zote za mwezi, walisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya.

Sasa kwa kila tarehe ongeza miaka 18 na siku 11, au siku 10 ikiwa miaka mirefu (yenye 29 Februari) iliyopita katikati ni mitano. Ile ya 2016 itakupa 12 Septemba 2034. Huo ndio mzunguko uitwao Saros. Miezi 223 ya kuandama ni siku 6,585 na theluthi moja. Muda huo ukitimia, mwezi uko tena kati yetu na jua, karibu na palepale njia zao zinapokatana, tena kwa umbali karibu uleule. Ndiyo maana pete huzaa pete.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliwaambia wanafunzi wangu, kwa uhakika kabisa, kwamba 2034 tutaiona pete hiyo tena Tanzania. Nilisahau ile theluthi ya siku. Katika saa hizo 8 dunia inaendelea kujizungusha, kwa hiyo kivuli huangukia mbali upande wa magharibi, na pete ya 2034 ni ya Amerika Kusini. Nilirudi darasani kuwasahihisha, na tangu hapo theluthi ndiyo kitu cha kwanza ninachofundisha. Mizunguko mitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, ndiyo hurudisha kivuli upande wetu: 31 Julai 1962, kisha 2016, kisha 4 Oktoba 2070, zote Afrika. Hata hivyo hakipiti njia ileile, kwa sababu kila mara ukoo, yaani mfululizo wa kupatwa kunakofuatana kwa Saros, husogea kidogo kaskazini au kusini.

Nimesema ukoo makusudi. Huzaliwa kwenye ncha moja ya dunia kwa kumega jua kidogo, hukomaa, kisha huishia ncha ya pili kwa kumega kidogo vilevile, baada ya miaka zaidi ya 1,200. Kwa hiyo jua likimegwa tu, jiulize: je, ukoo ni mchanga au mzee, kiasi kwamba hakuna popote duniani wanaoona zaidi, au ni sisi tu tulio mbali na njia? Tarehe zetu nne ni za aina hii ya pili, na kila moja ina ukoo wake, maana koo takriban 40 huenda sambamba.

Majedwali huandikwa kwa saa ya Greenwich. Kupata saa yetu ya Kiswahili mchana, toa 3. Kilele cha 2016 kiliandikwa 9:07. Kwetu ni saa 6 na dakika 7.

Siku yenyewe tafuta mwarobaini. Mwaka ule tulisimama chini ya mmoja, na kila upenyo kati ya majani ulitupa hilali ndogo mchangani. Mama muuza vitumbua alitandaza kanga yake, hilali zikajaa juu ya maandishi, zikicheza upepo ukivuma. Usipopata mti, toboa karatasi ngumu kwa msumari mwembamba. Ukiiinua mita moja juu ya karatasi nyeupe, jua litakuwa na upana wa karibu sentimita moja.

Filamu ya eksirei, karai la maji na miwani ya jua ya kawaida, hapana, hata jua likibaki ukucha tu. Sehemu ya ndani ya jicho huungua bila kuuma, na kuona kulikopotea kunaweza kutorudi. Tumia miwani maalumu yenye alama ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo.

Ukurasa wa pili andika 2 Agosti 2027, Jumatatu. Giza kamili litapita Luxor, Misri, na kuelekea Somalia. Dar litamegwa mchana. Ndugu yake wa 22 Julai 2009 alipita India na China. Chora jua kila baada ya dakika 10, na saa pembeni.