Pampu ya maji, Raspberry Pi na Home Assistant: tazama kwanza pini inakuwaje umeme unaporudi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuunganisha swichi ya boya (inayogeuka maji yakipanda au kushuka) na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) kwenye pini za kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ili Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, iendeshe pampu ya maji. Inawezekana, na kwangu Dar es Salaam mfumo huo unapandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu kwa mwaka wa tatu sasa. Ila nakusihi, kabla hujanunua chochote, ufikirie pini itakuwa katika hali gani umeme ukikatika kisha ukarudi, kwa maana hapo ndipo mimi nilipoumia.

Pini hizo ni za volti 3.3 na hazivumilii volti 5, na kila moja isitoe zaidi ya miliampia 16. Kwa hiyo pini huamuru rilei, rilei huamuru kontakta (swichi kubwa ya umeme mkubwa), na kontakta ndiyo hubeba volti 230 za pampu. Upande huo wa volti 230 mwachie fundi umeme. Kwenye moduli ya rilei yenye jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomoa) kati ya JD-VCC, inayolisha koili ya rilei, na VCC, inayolisha upande wa ishara, iondoe jampa hiyo, uipe JD-VCC volti 5 na VCC volti 3.3.

Moduli nyingi, yangu ikiwemo, huwasha rilei pini inaposhuka hadi sifuri. Programu yangu ya kwanza iliifungua pini ikiwa na sifuri, ikasubiri mtandao, ndipo ikaandika moja. Mchana sikuona kasoro, kwani mtandao ulikuwepo na rilei ililia "tik" mara moja tu. Usiku mmoja umeme ulirudi saa nane, ruta ikachelewa kuwaka, na wakati programu ikisubiri, pampu ilisukuma maji kwenye tangi ambalo tayari lilikuwa limekaribia kujaa. Niliamshwa na maji yanayoporomoka uani.

Sasa natumia gpiozero, maktaba ya Python ya kuendesha pini, na pini naifungua kwa active_high=False na initial_value=False, yaani sifuri ndiyo huwasha na rilei huanza ikiwa imezimwa, kabla programu haijagusa mtandao. Muhimu zaidi, boya la tangi la juu na la tangi la chini yote mawili yamefungwa kwa mfululizo na koili ya kontakta (sehemu inayoivuta ifunge), kiasi kwamba kompyuta hata ikiganda, pampu itasimama tangi la juu likijaa au la chini likikauka. Boya jingine, la kutoa taarifa tu, ndilo linaloingia kwenye pini. Waya wake ni mita 15 na unapita karibu na waya wa pampu, hivyo ulikuwa ukiokota kelele za umeme hadi nilipoweka rezista ya kilo-omu 4.7 kwenda volti 3.3 na kuiagiza programu isiamini badiliko lolote kabla ya sekunde mbili.

Kuhusu Home Assistant, usifuate maelekezo ya zamani ya rpi_gpio, sehemu yake iliyotumia pini moja kwa moja, kwani iliondolewa mwaka 2022. Vilevile, maktaba ya RPi.GPIO haifanyi kazi kwenye Raspberry Pi 5. Mimi hupitisha taarifa kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe, kupitia seva ya Mosquitto. Hali ya pampu iruhusu ihifadhiwe na seva, lakini amri ya kuwasha usiihifadhi kamwe: programu ikiunganika upya, seva itaikabidhi amri ile ile ya jana, na pampu itawaka bila mtu yeyote kuigusa.